Mtaa wa Nyumba Moja

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, pale kichochoro cha ghala la mbao kinapokutana na barabara ya mtaa. Umekaliwa na watu wale wale miaka mingi hata ukaota mabonde, na kila mtu analijua bonde lake. La kwanza ni la Hukumu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hajawahi kumhukumu mtu, ila alipiga taipu hukumu za wenzake kwa miaka thelathini na sasa anaona zote zilikuwa zake. La pili ni la Betri, fundi simu, anayezijua siri za dunia nzima isipokuwa moja: kwa nini simu anazotengeneza hurudi baada ya wiki. La tatu ni la Dokta Kuku, muuza dawa za mifugo. La mwisho, lililo karibu na kichochoro, ni la Misumari, fundi makochi mwenye karakana nyuma ya benchi. Huyu hushika misumari yake midogo kwa midomo anapogongea vitambaa, na mara nyingi huja nayo kijiweni hivyo hivyo, ikawa ndiyo kinga yake dhidi ya ubishi. Mbele yao huketi Shangazi na jiko lake la mkaa na birika la kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini hakuna anayethubutu kumwita vingine. Na mbele ya wote hao, ndani ya kichochoro, ipo nguzo ya taa ambayo haijawaka wiki ya sita sasa.

Alhamisi hiyo Misumari alikuja na midomo mitupu. Aliketi upande, kisogo kwa wenzake, macho kichochoroni. Binti yake, kifungua mimba wake, anafanya kazi katika dobi ya hospitali. Kutwa amesimama akipiga pasi shuka za wagonjwa. Hutoka saa kumi na mbili kasorobo, basi humshusha mwisho wa kichochoro, kisha huja kwa miguu akiambaa na ukuta wa ghala. Kuzunguka kwa barabara kubwa ni nusu saa zaidi, na miguu iliyosimama tangu asubuhi haina nusu saa ya kutoa sadaka. Saa moja kasoro dakika kumi huwa ameshatokeza pale kona, anawaamkia, "Shikamooni," wazee wanaitikia kwa mpigo mmoja bila kukatiza ubishi wao, na yeye anaingia nyumbani. Misumari hakuwa amewahi kuwaza kwamba baya litampata binti huyu mpaka Jumatatu ya wiki ile.

Jumatatu, Mama Pacha, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, aliporwa mkoba palepale chini ya nguzo, akasukumwa mtaroni, mkono ukavunjika. Sasa mkono wa kulia uko kwenye plasta, cherehani imefunikwa kanga, na mapacha wanapelekwa shule na jirani. Tangu siku hiyo Misumari akipiga nyundo anajigonga kidole.

— Angekwenda taratibu asingeanguka, alisema Hukumu akipuliza kahawa yake. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Hakujikwaa, alisema Shangazi. Alisukumwa.

— Sawa, lakini alisukumwa akiwa na haraka.

— Na wewe ukisukumwa siku hiyo utakuwa na nini?

Hukumu akarudi kwenye kikombe chake. Alikuwa na kawaida ya kutojibu maswali yanayotoka upande wa jikoni.

Misumari alikuwa na neno lake aliloliandaa tangu asubuhi, akiligongea kila msumari wa kochi la watu watatu. Alilitoa sasa, bila kugeuka:

— Mimi naona tuwapigie watu wa taa. Leo.

Wote waliafiki. Kuafiki hakujawahi kuwa shida pale kijiweni. Betri alisema ndilo wazo lake la tangu zamani, Dokta Kuku akasema hata yeye alikuwa anataka kulisema akakatizwa, na Hukumu akatoa uamuzi kwamba hoja imekubaliwa bila kupingwa. Kisha kila mmoja akanywa kahawa kwa makini sana, kikombe kikiwa kimefunika uso.

— Sasa nani anapiga? aliuliza Shangazi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

— Kupiga ni rahisi, alisema Hukumu. Balaa ni jina. Ukipiga utaulizwa jina. Ukishalitoa, wewe si mkazi tena, ni mlalamikaji. Na mlalamikaji huitwa.

— Huitwa wapi kwa ajili ya taa? aliuliza Dokta Kuku.

— Huitwa tu. Utaulizwa, ilipozimika ulikuwa wapi? Nani shahidi wako? Uliiona ikizimika, au uliikuta imezimika? Maana hayo ni makosa mawili tofauti.

Akawasimulia habari ya mtu mmoja aliyeokota ng'ombe akizurura, akaenda kutoa taarifa kwa nia njema. Alikuwa shahidi miaka minne. Ng'ombe alikufa kwa uzee, hakimu akahamishwa, jalada halijafungwa hadi leo, na yule mtu siku hizi akimwona ng'ombe, yeye ndiye anayevuka barabara. Hukumu alilipiga taipu jalada hilo kwa mikono yake mwenyewe, na alipolitaja aliinyoosha mikono ili ionekane.

Misumari alitazama saa. Saa kumi na mbili na nusu. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la ghala, na kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshaufikia mtaro.

— Jina ni dogo, alisema Betri. Kwanza nani aliwaambia ile taa imeharibika?

— Haiwaki, alisema Shangazi.

— Haiwaki, ndiyo, kwa sababu imezimwa. Wanatupima.

— Wanatupima nini?

— Uvumilivu. Wanazima moja wanangoja. Mtaa ukinyamaza wiki sita, wanazima ya pili. Ukinyamaza tena, wanajua hapo hata barabara ikikunjwa ikapelekwa kwingine hakuna atakayeuliza.

Dokta Kuku alifikiri kidogo, jambo alilolifanya akiwa amefumba jicho moja.

— Kama ni hivyo, si ndiyo tuwapigie?

— Ndipo wanapokutaka! Ukipiga, wanajua wewe ni mtu wa kuhesabu. Anayehesabu taa leo, kesho atahesabu nini? Wanakuweka kwenye orodha. Mimi simu nazijua, bwana. Ukishawapigia, hata ukiizima inabaki inasikiliza.

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akaigeuza kifudifudi simu ya mteja iliyokuwa mapajani mwake.

Misumari alikuwa akiwasikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Alijua kwamba katika jioni nyingine yoyote angecheka. Alikuwa akimwaza Mama Pacha alivyosema amelala mtaroni akiita, na jinsi alivyosikia vicheko vya watu kwa mbali, upande wa huku, wa kijiweni. Hakuna aliyesikia kelele zake. Siku hiyo walikuwa wanabishana kama samaki hulala.

— Mimi nitasema la kitaalamu, alisema Dokta Kuku. Kuku ukimwashia taa usiku kucha anataga, anataga, mwisho anadondoka. Taa nayo ni hivyo hivyo. Imewaka miaka mingapi pale? Imechoka. Iacheni ipumzike itarudi yenyewe.

— Dokta, alisema Shangazi, taa haitagi.

— Nimetoa mfano, Shangazi. Haya, tuache taa, tumtazame mwizi. Mwizi ana macho kama yako na yangu. Kichochoro kikiwa giza tororo, atamwonaje wa kumpora? Yule wa Jumatatu alimwona Mama Pacha kwa mwanga upi? Kwa mwanga wa taa ya kule kituo cha basi! Kwa hiyo dawa si kuwasha hii. Dawa ni kuzima na zile zilizobaki.

Hata Betri alionekana kuvutiwa.

— Na sisi tutaonaje? aliuliza Misumari. Hilo lilikuwa neno lake la pili jioni ile.

— Sisi ni wenyeji. Mwenyeji hahitaji kuona.

Hukumu aliona mjadala unaponyoka, akakohoa kikohozi chake cha mahakamani.

— Jamani, penye wengi hapaharibiki neno. Mtaa huu una watu wangapi? Watu tele. Wenye simu wangapi? Wote. Haiwezekani katika umati huo asiwepo hata mmoja aliyekwisha kupiga. Lazima wameshapiga.

— Akina nani? aliuliza Shangazi.

— Watu.

Hapo inabidi lielezwe jambo moja, maana bila hilo wazee hawa wataonekana wabaya kuliko walivyo. Kijiwe kile kina desturi yake. Likitokea jambo la kutumwa mtu, kama kwenda kumwona mwenye nyumba kuhusu maji, au kupeleka rambirambi kwa watu wasiowajua vizuri, hawapigi kura wala hawabembelezani. Atakayekunywa kikombe cha mwisho cha birika ndiye mjumbe. Desturi hiyo imewafaa sana. Imewapeleka hospitali, imewapeleka kwenye suluhu za ndoa, mara moja ilimpeleka Dokta Kuku kumwambia mchungaji kwamba spika zake zinapasua masikio. Aliyekinywa hakatai, na hakuna aliyewahi kukataa.

Ila tangu taa izimike, Shangazi alikuwa akibakiwa kila jioni na kikombe kimoja ndani ya birika. Wanaume wanne wazima, ambao zamani walikuwa wakikomba hadi machicha, walikuwa wakifika kwenye kikombe kile wanasema wameshiba. Mmoja anakumbuka presha. Mwingine anasema kahawa ya jioni humkosesha usingizi. Shangazi alikuwa anaimwaga jikoni kuzima mkaa, na hakusema kitu, kwa sababu alitaka kuona watafika wapi.

Na Misumari naye alikuwa akishiba. Hilo nalo lisifichwe. Yeye makochi yake huyapanga kando ya barabara bila kibali ili wapitao wayaone, na alikuwa na hofu kwamba mtu wa ofisi akija kutazama taa atatazama na makochi. Sponji na vitambaa vyake, vinavyouzwa kule kituoni, siku hizi alikuwa anavifuata asubuhi, jua likiwa juu. Kwa hiyo giza la kichochoro alikuwa analijua kwa kuambiwa, sawa na wenzake.

Saa moja kasoro dakika kumi ikafika. Kona ilikuwa tupu.

Ikafika kasoro tano. Walitokea watu wawili, mwanamume na mkewe wameshikana mikono, wakitembea upesi upesi wala hawazungumzi. Walipofika kwenye mwanga wa duka lililo jirani na kijiwe wakaachana mikono. Misumari aliwauliza kama wamemwona msichana wa sare ya kijani. Hawakumwona mtu. Kule ndani, walisema, huoni hata mkono wako.

Akatoa simu. Simu hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa Betri mwezi uliotangulia kwa tatizo dogo la sauti, na tangu siku hiyo haisemi sikioni tena; husema kwa spika, mbele za watu. Kijiwe kizima kikasikia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Haipatikani.

— Mabasi ya leo ni ya shida, alisema Dokta Kuku.

— Itakuwa chaji, alisema Betri.

— Na kawia ufike, alimalizia Hukumu kwa upole wa kweli, maana si mtu mwenye roho mbaya.

Misumari alitaka kumrukia. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa. Mdomo ulikuwa umemkauka. Akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, akakuta kikombe ambacho Shangazi alikuwa amekimimina na kukiacha juu ya sahani, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, macho yakiwa bado kichochoroni.

Alikirudisha juu ya sahani. Shangazi aliliinua birika, akaliinamisha. Lilitoa uzi mwembamba wa machicha, ukakatika.

Wenzake walimtazama kwa huruma, na nyuma ya huruma ile ilikuwapo nafuu ambayo hawakuweza kuificha. Dokta Kuku hata alivua kofia. Misumari aliwaona, akakasirika, kisha hasira ikamtoka yote mara moja, akabaki anataka tu jambo lifanyike.

— Namba yao, alisema.

Namba yao ni ya bure, na Betri aliijua kwa kichwa. Huitumia kujaribia simu alizotengeneza: anapiga, wakiitikia anakata. Aliibonyeza kwa kidole kilichozoea, akairudisha simu kwa mwenyewe haraka.

— Ofisi ya taa za barabarani, nikusaidie nini?

Ilikuwa sauti ya msichana, ya kuchoka lakini ya adabu. Misumari akasema kuna taa haiwaki, katika kichochoro cha ghala la mbao.

— Shikamoo baba. Ile nguzo ya katikati, karibu na mtaro usio na mfuniko?

Betri akamshika Hukumu mkono. "Si nilisema? Wanatuona."

— Marahaba mwanangu. Hiyo hiyo.

— Ninayo hapa. Ina ripoti saba.

Hukumu alipiga paja lake. Uso wake uling'aa, akawageukia wenzake mmoja mmoja: penye wengi, jamani, penye wengi! Dokta Kuku alimpa mkono wa pongezi.

— Sasa kama ni saba, alisema Misumari, mbona hamji?

— Saba zote zimetoka nyumba moja, baba. Utaratibu wetu, gari la ngazi haliondoki mpaka taa iwe imeripotiwa na nyumba tatu tofauti. Zamani watu walikuwa wanatuita kwa taa zao za mlangoni. Wewe unatokea nyumba gani?

Nyumba za mtaa ule hazina namba. Hutajwa kwa wenyewe.

— Nyumba ya fundi makochi.

Vidole vilisikika vikigonga kibodi, kisha vikasimama.

— Baba, nyumba ya fundi makochi ndiyo hiyo hiyo. Ndiyo iliyopiga zote saba.

Misumari akasema hapana, kuna makosa. Yeye ndiye fundi makochi, na hajawahi kupiga. Mkewe hana simu tangu mwaka jana. Msichana akamwambia kwa upole kwamba jina haruhusiwi kulitaja, ila anayepiga ni dada mmoja, hupiga saa saba mchana, na nyuma yake husikika mashine nyingi zikinguruma hata inabidi apaze sauti. Amepiga hata leo.

Zile mashine Misumari alizijua. Aliwahi kwenda kule dobi siku ya kwanza ya kazi, kumsindikiza binti, akasimama mlangoni kwenye mvuke akashindwa hata kusikia alichokuwa anaagwa nacho. Mapumziko yao ya mchana ni dakika thelathini. Katika hizo alikuwa akitoa zake za kungoja ofisi ipokee, kisha jioni anapita gizani, anatokeza kona, anawakuta baba yake na wazee wenzake wanabishana, anawaamkia. Hakuwa amemwambia. Misumari alijua kwa nini, na kujua huko kulimuuma kuliko yote ya siku ile: mtu humwambia shida yake yule anayemtarajia kufanya kitu.

— Leo amesemaje? aliuliza.

— Amesema lile analosema kila anapopiga. Kwamba majirani watapiga, tusilifunge faili, ni vile tu wana kazi nyingi.

Shangazi aliinama akaanza kuchokoa mkaa ambao haukuhitaji kuchokolewa.

— Kwa hiyo bado nahitaji nyumba mbili, baba. Upo na majirani hapo?

Misumari aliinyoosha simu kuelekea benchi. Ilikaa hewani. Hukumu alikuwa akichunguza ukanda wa kandambili yake, ambao ulikuwa mzima. Betri alitikisa kidole kwa nguvu, akaonyesha sikio lake, akaonyesha simu, kuwakumbusha kwamba inasikiliza. Dokta Kuku alifungua mdomo, akatazama wenzake, akaufunga. Walikuwa watu wazima watatu, wenye nyumba tatu, na nyumba zote tatu zilionekana kutoka pale walipokaa.

— Halo? Baba, samahani, naomba nikuulize. Hapo mtaani kwenu kuna nyumba moja tu?

Swali liliulizwa bila kejeli. Pengine msichana wa watu alitaka kweli kujua, aandike kwenye fomu. Spika ya Betri ililitoa safi, likasikika hadi dukani, na watu waliokuwa wakinunua waligeuka. Hukumu aliinama tena kwenye ukanda wa kandambili.

Misumari aliiweka simu juu ya ubao, ikiwa bado inaita halo, halo. Ilikuwa saa moja na robo. Akainuka akaingia kichochoroni. Nyuma yake alimsikia Shangazi akiiokota simu, akisema kwa ile sauti yake ya kupokea wateja: andika nyumba ya muuza kahawa, mama, hiyo iwe ya pili. Akamsikia msichana akiuliza, na ya tatu? Hakungoja kusikia zaidi.

Hatua ishirini za kwanza alikuwa na mwanga wa duka mgongoni. Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Alinyoosha mkono akaushika ukuta wa ghala, akawa anakwenda akiupapasa, na mguu wa kulia akiutanguliza polepole kuutafuta ukingo wa mtaro. Alikuwa mtu wa mikono minene, wa kubeba kochi peke yake, na bado alikuwa anaogopa. Kitu kilikwaruza juu ya paa, akasimama. Akajilaumu. Akaenda tena. Alifikiri kwamba huku ndiko alikopita mtoto wake wiki sita, jioni baada ya jioni, bila mtu wa kumlaki.

Mbele yake nyayo zilikuwa zinakuja, nyepesi, za haraka. Kisha zikakoma. Alijua zimekoma kwa sababu zimemsikia yeye.

— Nimekuona, ilisema sauti. Usisogee. Nina jiwe.

Haikutetemeka hata kidogo. Ilikuwa sauti ngumu, ya mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno hayo. Misumari hakuwahi kuisikia nyumbani kwake, na kwa nukta moja hakujua kwamba ni ya binti yake.

— Ni mimi, mama, alisema. Baba yako.

Halafu akasikia jiwe likianguka kwenye changarawe, na hatua mbili, na harufu ya sabuni ya hospitali. Sauti iliyofuata ilikuwa ndogo, ile anayoijua.

— Baba? Nani amefariki?

— Hakuna.

— Mama mzima?

— Mzima. Wote wazima.

Alimshika mkono gizani, akaukuta baridi. Binti alimweleza kwa kifupi, akihema, kwamba basi lilipata pancha njiani na simu ikamzimikia, lakini macho yake, hata kama hayakuonekana, Misumari aliyahisi yakimchunguza usoni, yakitafuta msiba anaofichwa. Baba yake hakuwahi kuja kule. Lazima kuna kitu kimetokea.

— Kweli hakuna kitu?

— Kweli.

— Sasa leo umekuja kwa nini?

Misumari aliupokea mkoba wa binti, akauweka begani kwake, akamweka binti upande wa ukuta na yeye akashika upande wa mtaro. Wakaanza kurudi. Alilitafuta jibu kichochoro chote, hatua kwa hatua, na walipotokeza kona alikuwa hajalipata.